Namna ya kumsaka mbu Anopheles stephensi kwenye maji ya akiba

Anopheles stephensi ni mbu wa malaria mwenye asili ya Asia ya Kusini na Rasi ya Uarabuni. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2022 alinaswa Marsabit, Kenya. Kwa kuwa huzaliana katika maji yanayohifadhiwa na watu, hata mjini na hata wakati wa kiangazi, nimeandika hatua hizi baada ya kumwelekeza mhudumu mwenzangu wa afya ya jamii.

Hatua ya 1: Kwa ruhusa ya wenyeji, kagua matangi, mapipa, mabirika na mashimo ya maji ya ujenzi.

Hatua ya 2: Chota viluwiluwi. Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima, kwa sababu viluwiluwi huzama mara tu wanapohisi kivuli au mtikisiko. Simama mahali ambapo kivuli chako hakiangukii maji, na ufunue mfuniko taratibu bila kugonga chombo. Napendelea kata nyeupe yenye mpini mrefu kuliko kikombe chochote, kwani viluwiluwi huonekana wazi ndani yake. Iwe safi kabisa wala isiwe imewahi kugusa dawa, maana watu wanakunywa maji hayo. Iinamishe, uipitishe polepole ukingoni mwa chombo, kisha ungoje dakika chache kabla ya kuchota tena. Kwa tangi kubwa au birika lenye kina, kata haitoshi. Tumia wavu wenye matundu madogo. Ukikuta viluwiluwi wa Aedes, aina nyingine ya mbu, endelea kuchota, kwa kuwa mara nyingi mbu hawa wawili huzaliana katika chombo kimoja.

Hatua ya 3: Watenganishe. Kiluwiluwi wa Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Wale wa Aedes na wa Culex, aina nyingine tena ya mbu, huning'inia kichwa chini.

Hatua ya 4: Walee wale wa Anopheles mpaka wawe mbu kamili, katika chombo kilichofunikwa kwa chandarua kisicho na dawa na kufungwa barabara. Usimtaje mbu huyu kwa kumtazama kiluwiluwi tu. Hata mbu kamili hufanana na wale wa kundi la Anopheles gambiae, mbu wengine wa malaria, hivyo uthibitisho hutolewa na maabara kwa kupima vinasaba.

Hatua ya 5: Hifadhi sampuli katika alkoholi. Andika mahali, tarehe na aina ya chombo kwa penseli, kwa sababu alkoholi hufuta wino, kisha uzikabidhi kwa ofisi ya afya ya wilaya au kaunti.