Usitupe vipande vya vitenge

Wenzangu wa Kigoma, mkipita kwa fundi cherehani pale Mwanga, mwombeni yale mabaki anayoyafagia jioni. Mimi nashonea blanketi la viraka. Ila kabla ya kukata chochote, loweka kila kitambaa peke yake, kisha ukifue. Kitenge kipya husinyaa na kuchuja rangi. Niliwahi kuruka hatua hii, nyekundu ikahamia kwenye nyeupe yote, na mishono ikajivuta kama uso wa mzee aliyenyimwa chai.

Kata boksi gumu, mraba wa sentimita 12. Hicho ndicho kipimo cha kila kipande. Ukiacha sentimita 1 ya mshono kila upande, kinabaki 10. Kwa hiyo blanketi la mtoto, sentimita 100 kwa 140, linataka vipande 140. Ni vingi, lakini nani anakukimbiza? Shona safu moja moja, piga pasi mishono, ndipo uunganishe safu. Katikati weka blanketi kuukuu, chini kanga moja iliyochoka inatosha, kisha funga fundo la uzi kwenye kila makutano ya viraka, tabaka zisihame. Polista iache kabisa, haipatani na pasi ya mkaa.