Polisi Wanapoulizia Ulichokitafuta Google

Ukiwa Marekani, polisi hahitaji kuishika simu yako ili ajue ulichokuwa unatafuta juzi usiku. Rekodi iko Google, na hati ya mahakama hupelekwa hukohuko. Wewe waweza kuwa wa mwisho kujua.

Agosti 2020 nyumba moja jijini Denver ilitiwa moto usiku, wakafa watu 5 wa familia iliyotoka Senegal. Uchunguzi ulipokwama, wapelelezi walipata hati ya kuitaka Google ionyeshe akaunti zilizotafuta anwani ya nyumba ile katika siku 15 kabla ya moto. Vijana 3 wakapatikana, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Colorado ikakubali ushahidi huo utumike. Nani asingetaka wauaji wale wakamatwe? Ila angalia hati yenyewe: haikuanza na mshukiwa, ilianza na maneno, ikakusanya kila aliyeyaandika. Dereva wa kupeleka mizigo aliyetafuta anwani hiyohiyo angekuwemo.

Kwa hiyo punguza kinachohifadhiwa. Ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya data na faragha, utafute shughuli za wavuti na programu. Unaweza kuzizima kabisa au kuziwekea zijifute kila baada ya miezi 3. Akaunti zilizofunguliwa tangu katikati ya 2020 kwa kawaida hujifuta baada ya miezi 18. Kama yako ni ya zamani, huenda ina mambo ya miaka mingi. Hali fiche ya kivinjari isikudanganye: inamficha mambo yule atakayeazima simu yako, basi. VPN nayo, yaani huduma inayopitisha mtandao wako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, inahamisha tu siri zako kutoka kampuni moja kwenda nyingine.

Yote hayo yafanye leo, mambo yakiwa shwari. Ukishajua kuna uchunguzi unaokuhusu, usifute hata herufi moja. Hapo unahesabiwa kuharibu ushahidi, na sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 20.

Google huwa inamwandikia mwenye akaunti kabla ya kutoa data yake, isipokuwa imekatazwa kisheria. Ukipata barua pepe ya namna hiyo, usikimbilie kituoni kujieleza. Tafuta wakili. Polisi wakibisha hodi, sema, “Nitaongea mbele ya wakili wangu,” kisha nyamaza kweli. Ni vigumu kwetu tuliolelewa kumjibu mkubwa akiuliza, najua. Lakini kunyamaza ni haki yako hata kama huna makaratasi, ilhali kumdanganya ofisa wa shirikisho ni kosa la jinai.

Uwanja wa ndege una mambo yake. Maofisa wa mpakani Marekani hupekua simu bila hati. Raia hawezi kuzuiwa kuingia kwa kukataa kutoa nenosiri, ingawa simu yaweza kubaki kwao. Mwenye viza anaweza kurudishwa alikotoka. Uingereza ni kukali zaidi: ukisimamishwa chini ya Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000, kukataa kufungua simu kunaweza kukufikisha mahakamani. Zima simu kabla hujafika kwenye foleni, na yale usiyoyahitaji safarini yaache nyumbani.