Kabla ya kurudi kwenye mazoezi makali: mambo ya kuweka sawa ili usiugue

Marathoni ya Kampala ya mwezi wa Novemba inapokaribia, au habari za jeshi na polisi kuandikisha vijana zinapotoka, barabara hujaa watu waliokaa miezi bila kukimbia. Ikifika wiki ya pili au ya tatu, baadhi yao wamejifunika blanketi wakisema ni uchovu wa mazoezi. Huenda ni kweli. Huenda pia ni malaria, mafua, kifua kilichochokozwa na moshi, au misuli iliyoharibika hadi figo zikaanza kuelemewa. Siku ya kwanza mambo haya yote yanafanana mno, kwa hiyo maandalizi ya kuanza nayo ni yale yatakayokusaidia kuyatofautisha. Viatu vitafuata.

Nunua kipimajoto. Misuli iliyochoshwa na mazoezi huanza kuuma siku inayofuata, hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, na huuma pale ilipofanya kazi tu: mapaja baada ya mteremko, kifua na mikono baada ya pushapu. Haileti homa. Malaria huuma kote, kichwa, mgongo na viungo, ikiambatana na baridi inayomfanya mtu avae koti saa saba mchana. Usipime mara tu unapomaliza kukimbia, maana mwili bado una joto la kazi. Subiri angalau saa moja. Ukipata nyuzi 37.5 kwapani au zaidi, simamisha mazoezi siku hiyohiyo ukapimwe damu. Kipimo cha haraka cha kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Kumeza Panadol kwanza "ili tuone" kunashusha joto na kukunyima ushahidi uliokuwa unautafuta.

Malaria nchini Uganda huambukizwa mwaka mzima, na huongezeka baada ya mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba. Kwa kawaida homa hutokea siku 7 hadi 14 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Kwa hiyo ugonjwa wa wiki ya pili ya mazoezi unaweza kuwa umeingia mwilini kabla hujakimbia hata hatua moja. Tena mbu wa malaria huuma tangu jua linapozama hadi alfajiri, saa zilezile ambazo wenye kazi hupata nafasi ya kukimbia. Anayetoka saa kumi na moja alfajiri na avae mikono mirefu na suruali ndefu, ajipake dawa ya mbu, na chandarua chake kiwe kizima. Kwenda kambini Kapchorwa, kwenye Mlima Elgon, kwa kumwiga mkimbiaji Joshua Cheptegei hakukuepushi: vijidudu ulivyobeba kutoka bondeni utapanda navyo, na homa ikikupata huko juu wengi watasingizia baridi ya mlimani. Aliyekulia mlimani akashuka Kampala au Soroti yuko hatarini zaidi, kwa sababu mwili wake haujazoea malaria.

Sasa kiasi cha mazoezi, na hapa ndipo watu wanapojiumiza zaidi. Pumzi hurudi mapema kuliko misuli na kano, ndiyo maana siku ya tatu mtu hujihisi yuleyule wa zamani akaongeza kasi. Chukua kiasi cha juu ulichokuwa ukikifanya kabla ya kupumzika, kisha wiki ya kwanza ukipunguze kwa asilimia 50, ya pili 30, ya tatu 20, ya nne 10. Aliyekuwa akikimbia kilomita 40 kwa wiki ataanza na 20, halafu 28, 32, 36, na wiki ya tano ndipo arudi kwenye 40. Mbio za kasi nazo zina hesabu yake: wiki ya kwanza pumzika mara nne ya muda uliokimbia, yaani sekunde 30 za kasi kwa dakika mbili za mapumziko, wiki ya pili mara tatu. Kama ulipumzika kwa sababu ya ugonjwa au jeraha, anza chini ya hapo.

Anayepuuza hesabu hii hasa ni kocha anayetoa adhabu. Kumwamuru mtu aliyekaa miezi mitatu apige pushapu 200, au achuchumae na kuinuka mpaka aanguke, kunaweza kupasua nyuzi za misuli kiasi kwamba protini yake inamwagika kwenye damu na kuumiza figo. Siku moja hadi tatu baadaye misuli huvimba na kuwa migumu, maumivu hupita kabisa yale ya kawaida, mkono haukunjuki, na mkojo hutoka wa kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, si zahanati ya kuchomwa sindano ya diklofenaki, maana dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huongeza mzigo kwa figo. Mweleze daktari ulifanya mazoezi gani na lini, na uombe kipimo cha damu cha CK, kinachoonyesha misuli imeharibika kiasi gani, na cha figo. Malaria kali nayo inaweza kutia mkojo weusi, kwa hiyo mkojo wa rangi hiyo haungojewi nyumbani kwa sababu yoyote ile.

Jambo linalosahaulika sana hapa kwetu ni selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga ulionyesha kwamba karibu watoto 13 kati ya 100 wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuwa wagonjwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwanariadha mzuri tu, lakini akisukumwa ghafla kwenye jua kali, akiwa na kiu au akiwa juu mlimani, anaweza kuishiwa nguvu miguuni na kuanguka huku bado anaongea. Si uvivu. Pima mara moja maishani, mwambie kocha, na ukihisi miguu inalegea au misuli inauma katikati ya mbio, simama papo hapo.

Mafua na kikohozi huwapata zaidi wanaoongeza mazoezi huku wakipunguza usingizi na chakula. Anayelala kwa muda wa saa tano tu ili awahi kukimbia angefaidika zaidi akilala kwa muda wa saa saba na kukimbia siku chache. Usikimbie zaidi ya saa moja tumbo likiwa tupu: ndizi mbili mbivu au chapati kabla ya kutoka zinatosha, na ukirudi ule posho (ugali) na maharagwe, matoke na mchuzi wa karanga, au roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai mawili, bila kungoja jioni. Kupunguza uzito na kurudi kwenye mazoezi makali ni kazi mbili. Zifanye kwa zamu. Chupa moja ya maji inayozunguka kundi zima, na taulo la jimu la kushirikiana, vimeeneza mafua mengi kuliko mvua.

Kama koo linakereketa na pua inachuruzika lakini huna homa, ondoa chanzo kingine kwanza: moshi na vumbi. Hewa ya Kampala huwa chafu zaidi asubuhi na jioni magari yanapojazana. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere hutoa vipimo vya hewa kwa maeneo mbalimbali kupitia simu. Viangalie kabla ya kuchagua njia. Mkereketo unaotulia ukihama barabara kuu haukuwa mafua.

Maji ya kunywa yachemshwe, maana homa ya matumbo pia hufika ikijifanya uchovu. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na inarudishwa kwa lita moja na robo hadi moja na nusu, polepole. Ukirudi umeongezeka uzito, ulikunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari kwa sababu chumvi ya damu huyeyushwa. Baada ya kuhara, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi.

Wiki nzima kabla ya kuanza, hesabu mapigo ya moyo kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, kwa dakika nzima, uyaandike. Baadaye yakizidi kawaida yako kwa 10 hivi, siku hiyo tembea tu.

Ukiugua licha ya hayo, dalili zilizo juu ya shingo peke yake, kama pua kuchuruzika au koo kukereketa, huruhusu mazoezi mepesi. Homa, kikohozi cha kifuani, maumivu ya mwili mzima au tumbo kuharibika haviruhusu, kwa kuwa virusi vingine hushambulia misuli ya moyo. Rudi baada ya homa kukaa mbali angalau saa 24 bila dawa, na uanze na dakika 15 za mwendo wa kuongea bila kuhema. Maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio bila sababu ni kazi ya daktari. Baada ya malaria, maliza dozi ya siku tatu, kila mara pamoja na chakula kilichotiwa mafuta kiasi, na upime wingi wa damu ikiwa ngazi zinakuchosha. Usirudie kipimo cha haraka ili kujua kama umepona: kinaweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Homa ikirudi, omba damu iangaliwe kwa hadubini.