Kabla hujafunga mifuko ya hewa kwenye motohomu, peleka ekseli mzanini

Baadhi ya Watanzania walioko Uingereza siku hizi wananunua motohomu za mtumba, yale magari yenye vitanda na jiko ndani. Wengine wanataka kutembea na watoto wakati wa likizo bila kulipia hoteli, wengine wana mpango wa kuisafirisha mpaka Dar es Salaam waikodishe kwa watalii, au waizungukie nchi wakistaafu. Karibu wote, baada ya safari ya kwanza, wanauliza jambo lile lile. Gari linarusha, sufuria zinagongana kabatini, mama mkwe aliyekaa nyuma anashikilia meza kwa mikono miwili. Je, tutoe hela tulainishe springi?

Inafaa kwa baadhi ya magari, na hata kwa hayo siyo kitu cha kwanza kulipia. Cha kwanza ni mzani. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, halafu gari zima, likiwa na maji, gesi, familia na mizigo kama mnavyosafiri kweli. Mizani ya umma ipo na ada yake ni ndogo. Kabla ya hapo usimpe fundi hata pauni moja.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Gereji iliyonifungia mifuko ya hewa nyuma, yaani mifuko ya raba inayojazwa upepo kusaidia springi, iliniambia kwamba sasa gari litabeba bila shida. Na kweli lilinyanyuka. Mkia uliokuwa umelala ukasimama, taa zikaacha kumulika juu ya miti, barabara ya kasi ikawa tulivu. Ndugu wa London waliposikia lina stoo kubwa nyuma, mizigo ikaja: jenereta, mashine ya kufulia, mabegi ya nguo, yote ya kupeleka kwa wakala wa kontena. Njiani wakaguzi wa magari wakanivuta pembeni, wakalipandisha mzanini. Bamba la uzito la gari linasema mwisho wa ekseli ya nyuma ni kilo 2,000. Mzani ukasoma 2,140.

Nikatoa risiti ya mifuko ya hewa. Mkaguzi akaisoma yote kwa utulivu, akanirudishia, kisha akafungua boneti akanionyesha bamba kwa kidole, mstari wa mwisho. Faini nikalipa, na gari halikuruhusiwa kuondoka mpaka uzito upungue. Nilimwaga maji ya tangi, nikampigia rafiki aje na gari lake tuhamishie mashine ya watu kwenye mvua.

Kwa hiyo shikeni hili: mfuko wa hewa unainua mwili wa gari, hauongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Kinachokubana ni bamba la mtengenezaji. Lina tarakimu nne: uzito wa juu wa gari, uzito wa gari pamoja na tela, mwisho wa ekseli ya mbele na mwisho wa ekseli ya nyuma. Watu wanaangalia ya kwanza tu, ile kilo 3,500, na kumbe unaweza kuwa chini ya 3,500 kwa jumla huku ekseli ya nyuma imezidi. Faini ya papo hapo ya Uingereza inaanzia pauni 100 mpaka 300 kulingana na ulivyozidisha, na ukizidi asilimia 30 unaitwa mahakamani.

Ubaya wa mifuko ni kwamba inaficha ushahidi. Gari lililozidiwa linajieleza lenyewe, mkia unashuka, usukani unakuwa mwepesi. Ukilijaza hewa linasimama sawa na wewe unaamini ni jepesi. Tairi, breki, rimu na beringi hazijui kama umefunga hewa. Zinabeba uzito ule ule.

Na mkia mrefu, ile sehemu inayotokeza nyuma ya ekseli ya nyuma, una hesabu yake. Chukua gari ambalo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 4. Weka mzigo wa kilo 100 mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haipokei kilo 100, inapokea 150, kwa sababu mzigo unalibinua gari na kuipunguzia mbele kilo 50. Fiat Ducato na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Relay, ambazo motohomu nyingi hujengwa juu yake, huvutwa na magurudumu ya mbele. Ukiipunguzia mbele uzito, gari linateleza kwenye nyasi zenye tope na kupanda mlima kunakuwa kazi. Hamisha jenereta lije katikati ya gari kabla hujafikiria springi.

Hapa niseme kidogo kuhusu wenyeji wetu. Waingereza ni watu wa maandishi. Muuzaji wa huku mara nyingi hakudanganyi, lakini hakuambii ambalo hujauliza, na sheria inachukulia kwamba umesoma. Sisi tumelelewa kwenye gereji ambako fundi anakusimulia gari lako lote, la kuuliza na la kutouliza, hata la shangazi yako. Siwalaumu, ni utaratibu wao na una faida zake, maana ukiuliza kwa maandishi wanakujibu kwa maandishi na jibu hilo linawafunga. Basi uliza kwa barua pepe: je, kazi hii itabadilisha tarakimu za bamba langu, ndiyo au hapana? Ningekuwa na jibu hilo mkononi, ningeondoka na springi zangu.

Mtego wa pili unatoka kwa majirani wema. Kwenye viwanja vya kulala magari utakutana na wazee wa Kiingereza wenye moyo mzuri, wanakukaribisha chai, wanakwambia, “Ongeza tu uzito wa gari lako, ni karatasi.” Ni kweli, ipo njia: kampuni ya kihandisi inakagua, inatoa bamba jipya, kisha unabadilisha hati ya gari DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari ya Uingereza. Lakini mzee yule alifaulu mtihani kabla ya tarehe 1 Januari 1997, na leseni yake ilikuja na daraja la C1 linaloruhusu mpaka kilo 7,500. Wewe uliyefanya mtihani wa huku juzi una daraja B, mwisho kilo 3,500 kwa gari la dizeli kama hili. Ukiipandisha motohomu mpaka 3,850 umejifungia nje ya gari lako mwenyewe mpaka ufanye vipimo vya afya na mtihani mwingine. Leseni ya Tanzania nayo inakubebea miezi 12 tangu uanze kuishi huku, halafu basi; nchi yetu haimo kwenye orodha ya wanaobadilishiwa bila mtihani. Ushauri wa mzee ni sahihi kwake. Kwako ni kesi.

Bima: wajulishe kila ulichobadilisha, kwa maandishi.

Sasa ulaini wenyewe, kwa mpangilio wa bei. Anza na upepo wa tairi. Motohomu nyingi zina tairi za kambi, zilizotengenezwa kwa ajili ya motohomu, zinazojazwa mpaka baa 5.5 nyuma, yaani karibu 80 kwa kipimo cha mafundi pancha wa kwetu, na watu wanazijaza hivyo hata gari likiwa jepesi kuliko hapo. Ukishajua uzito wa kila ekseli, mwandikie mtengenezaji wa tairi akupe upepo unaolingana na uzito huo. Nimeona magari yakibadilika kabisa kwa hilo tu. Usishushe kwa kubahatisha, tairi laini lenye mzigo linapasuka. Angalia pia umri wake kwenye tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka. Tairi kavu la miaka mingi ni gumu hata likiwa na kashata zote.

Halafu shokapu. Gari la miaka kumi na kitu likiwa na shokapu zake za kiwandani, badilisha zote nne na bushi zake. Kwa maoni yangu hii ndiyo hela inayorudi haraka kuliko zote, hasa mbele. Kelele za ndani ni jambo jingine: funga kitambaa kwenye wavu wa oveni na katikati ya sufuria kabla hujalaumu springi.

Mifuko ya hewa ya kusaidia springi za nyuma, ile inayokaa kati ya ekseli na chesisi, ina maana pale ambapo springi zimechoka. Gari la mizigo hupakia na kupakua, springi zinapumzika. Motohomu imebeba nyumba usiku na mchana mwaka mzima, kwa hiyo springi zile za bapa zinalala mpaka gari linakalia raba zinazozuia ekseli isigonge chesisi. Hapo kila shimo linakuja moja kwa moja mgongoni. Mifuko inaliondoa gari kwenye raba, na ndipo unapoona nafuu. Inapunguza pia kuyumba lori kubwa likikupita. Lakini ukiijaza kupita kiasi gari linakuwa gumu kuliko mwanzo. Kama chesisi yako ya nyuma ni ya kampuni ya AL-KO, haina springi za bapa. Inatumia fito zinazojipinda ndani ya ekseli, na kifaa chake ni tofauti. Gharama ni mamia ya pauni. Mfumo kamili wa hewa kwenye magurudumu yote, unaojisawazisha kwa kompyuta, ni maelfu, na ulaini wake ni wa kweli. Kama gari litabaki Ulaya na una uwezo, sikukatazi.

Kama linakwenda Dar, nakukataza.

Ndugu zangu wa nyumbani, nawapenda, lakini tusikilizane. Shemeji yangu wa Tabata alinipigia akasema, “Funga hewa hukohuko, barabara za huku unazijua.” Nazijua. Ndiyo maana sitaki vitambuzi na kompyuta chini ya gari litakalopita matuta, rasta, vumbi la Kigamboni na maji ya masika. Mtu anayesema funga hukohuko hajakaa siku nzima Gerezani akitafuta valvu ya gari ambalo hakuna mwingine mjini analo. Mafundi wetu ni hodari, Coaster na Hiace wanazifumua wamefumba macho, lakini Ducato si gari la Dar. Kitu chenye sensa kikifa Mikumi, katikati ya matuta ya hifadhi, hakuna wa kumpigia.

Vilevile ndugu wasikwambie ujaze motohomu vyombo kwa kuwa “inakuja tupu”. Haiingii kwenye kontena la kawaida, urefu wake wa kwenda juu unafika karibu mita 3, kwa hiyo inapanda meli ya kuendeshwa ndani, na kampuni nyingi za meli hizo hazitaki mizigo binafsi ndani ya gari. TRA, bandari na wakala unavijua. Piga hesabu ya kodi ya uchakavu kwenye kikokotoo chao kabla hujanunua, siyo baada.

Na mzani haujaisha kwa kuvuka bahari. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inagusa magari yenye uzito wa kilo 3,500 na kuendelea. Kwa hiyo hata gari lenye bamba la 3,500 linaweza kujikuta kwenye foleni ya mzani wa Vigwaza pamoja na malori, sembuse lililopandishwa mpaka 3,850 ili libebe zaidi.

Kwa gari la Dar, ningefunga shokapu nzuri, ningepeleka springi za bapa kuongezewa bapa moja kwa fundi wa springi anayejua kazi, na kama mkia bado umelala, mifuko ya kawaida isiyo na kompresa, yenye valvu kama ya tairi, unayoweza kuijaza kwa fundi pancha yeyote. Mkia ukiwa mrefu usijaribu pantoni ya Magogoni maji yakiwa yamekupwa. Utausugua kwenye mteremko hata ukijaza hewa mpaka mwisho. Zunguka darajani. Na kwenye matuta ya Barabara ya Bagamoyo punguza mwendo mpaka karibu usimame, hakuna springi inayozidi hiyo.

Ukifunga mifuko, dai risiti inayotaja aina na namba ya kifaa, nunua mirija na valvu za akiba kabla gari halijapanda meli. Kama fundi alitoa zile raba za zamani ili kupata nafasi, mwambie akupe, ziweke kwenye boksi la spana. Mfuko ukipasuka Chalinze, fundi wa pale atazirudisha mahali pake kwa saa moja na utafika Dar jioni hiyo hiyo.