Kinga utumbo wako na kansa, anzia kwa sahani

Jamani watu wa Mombasa, cha kwanza kupunguza ni zile smoki na soseji za stejini, maana Shirika la Afya Duniani tangu 2015 limesema wazi nyama za kusindika zinasababisha kansa ya utumbo mpana, na ukila gramu 50 kila siku hatari inapanda kama asilimia 18, si kidogo hiyo. Mishkaki nayo isiwe kila jioni. Badala yake jaza mbaazi, kunde, mchicha wa soko la Marikiti, faiba ndo inasukuma choo. Sigara na pombe acha. Tembea pale bustani ya Mama Ngina ufukweni, mwendo wa haraka. Na ukiona damu chooni usiseme ni bawasiri tu, nenda ukapimwe tafadhali.