Anza sauti kwa kutaja siku

Mamangu amesoma chuoni, yaani chuo cha Kurani. Hati za Kiarabu anazisoma na kuziandika. Hata barua za Kiswahili alizopelekewa na marehemu babangu zilikuwa kwa hati hizo. Herufi za Kizungu hazijui. Kwa hiyo WhatsApp kwake ni sauti tupu: anakaa dakani, kibarazani mlangoni, kwetu mtaa wa Langoni, Lamu, anashikilia alama ya maikrofoni na kuzungumza na dada zake walioko Mombasa. Wanawake wengi wa rika lake hufanya vivyo hivyo, na grupu letu la mtaa, ambalo mimi ni admini, lina sauti nyingi kuliko maandishi.

Mwezi mmoja wa kusi, bahari imechafuka, iliingia sauti ya mwanamume akilia: chombo cha kwenda Faza, kisiwani Pate, kimezama. Ndugu yangu alikuwa safarini kwenda huko. Mama alikimbia hadi gatini bila viatu. Kumbe chombo kimefika salama. Sauti ile ilikuwa ya kweli, lakini ya ajali ya zamani. Ukipelekewa sauti ya mtu mwingine, simu huonyesha saa iliyokufikia wewe, haionyeshi ilirekodiwa lini.

Basi fundisha hili kwanza: kila sauti ya habari ianze, "Leo Jumanne, saa nne asubuhi, niko gatini Mokowe, mimi ni fulani." Ni sekunde chache tu. Usilieleze kwenye grupu ukadhani yamekwisha. Kaa ubavuni mwa mtu, mwache arekodi mara tatu, asikilize mwenyewe. Mamangu alihitaji siku mbili, na leo ndiye anayewakemea vijana wanaosahau.

Kisha mishale. Mmoja juu ya ujumbe maana yake umetoka kwingine. Miwili maana yake umepokezanwa mara tano au zaidi, na tangu 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa zaidi ya soga moja kwa wakati. Asiyesoma herufi huona mishale. Nilimchorea mama nyuma ya kalenda. Akiiona miwili, hapeleki popote mpaka apige simu kwa mtu aliye gatini.

Uvumi ukishaingia, admini, ubonyeze kwa muda na uufute kwa wote. Unaweza hata kama hukuutuma wewe. Gusa jina la grupu, ingia kwenye ruhusa, zuia wanachama kutuma. Rekodi habari sahihi, na siku yake uitaje. Fungua tena upesi, kwani kuna mwenye mgonjwa anayetafuta boti ya kuvuka.

Aliyeutuma akiwa mtu mzima, usimkosoe mbele za watu. Mimi huenda kwake baada ya alasiri, nikaamkia, nikanywa kahawa, ndipo nikamwomba simu yake nimwonyeshe ile mishale miwili.