Somo: kufungua na kuseti kabureta ya Solex 34 PICT-3 (Volkswagen mgongo wa chura, injini ya 1600)

Wakuu, kabla hamjashika bisibisi, msiilaumu kabureta mapema. Seti kwanza tapeti (nafasi ya valvu) injini ikiwa ya baridi, 0.15 mm, kisha platini (mwanya wa pointi ndani ya distribyuta) 0.4 mm, kisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche). Halafu washa gari na unyunyizie maji kidogo kwenye zile raba za manifodi (bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye injini). Mngurumo ukibadilika, kuna hewa inaingia. Mimi fundi mmoja alinibadilishia kabureta nzima, nikalipa, gari likaendelea kukohoa vilevile. Kumbe raba ilipasuka upande wa chini, huoni mpaka upitishe kidole.

Kufungua
Toa waya wa betri. Chomoa mpira wa petroli na uuzibe kwa penseli, maana tanki liko mbele na petroli haitaacha kuchuruzika. Toa waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta, nyaya za umeme na nati mbili za spana 13. Mfuniko una skrubu 5.

Chini ya mfuniko kuna nidoli (sindano inayofungua na kufunga petroli), na imekalia washa, yaani pete nyembamba. Usiitupe wala usiibadilishe na yoyote uliyookota: unene wake ndio unaopanga kina cha petroli kwenye bakuli.

Fungua jeti kuu, jeti ya hewa (jeti ni vipande vya shaba vyenye tundu dogo) na diaframu ya pampu, yaani kiwambo chake cha raba (skrubu 4). Loweka vyuma tu, raba na floti (boya la ndani ya bakuli) usiviloweke. Jeti zipulizie upepo. Usizichokoe kwa waya wa chuma, shaba ni laini na tundu litapanuka. Ikibidi, tumia uzi wa mshipi wa kuvulia.

Sasa shika ekseli ya kipepeo (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta) uitikise. Ikicheza sana, peleka kwa fundi wa leti (mashine ya kukereza chuma) aitie bushi, la sivyo utaseti mpaka uchoke.

Kuseti
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye mkono wa kipepeo kuna skrubu inayogusa ngazi za choki, na watu huitumia kupandisha sailensi (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta). Si kazi yake! Ukiikaza, kipepeo kinafunguka na kufichua vitundu vya pembeni. Petroli inapitia huko, na skrubu mbili za ubavuni hazina nguvu tena. Ilegeze mpaka iachie, irudishe hadi iguse tu (choki ikiwa imefunguka yote), ongeza robo mzunguko, uisahau.

Ubavuni, skrubu ndogo ni ya mchanganyiko, kubwa ni ya hewa ya sailensi. Ndogo ikaze taratibu hadi mwisho, usiilazimishe, kisha ilegeze mizunguko miwili na nusu. Washa, injini ipate moto kabisa. Kwa skrubu kubwa weka mizunguko 850 ya injini kwa dakika. Zungusha ndogo polepole utafute pale injini inapokwenda kasi zaidi, kisha ikaze kidogo hadi kasi ishuke mizunguko 20 au 30. Rudi kwenye kubwa, weka 850 tena. Mimi husikiliza mlio wa ekzosi huku mkono uko kwenye skrubu. Ukikaa sawa utausikia.

Maswali ya wanachama

Mkuu, yangu ikikanyagwa ghafla inasita kidogo ndipo inaondoka.
Zima injini, toa chujio la hewa, chungulia huku ukivuta mkono wa kipepeo. Petroli iruke palepale, nyembamba na moja kwa moja. Ikidondoka kivivu, badilisha diaframu au safisha mrija wake.

Fundi, nikitoa ufunguo injini inaendelea kutikisika.
Angalia soleno ya sailensi (kivalvu cha umeme kwenye kabureta kinachokata petroli ukizima). Ufunguo ukiwashwa lazima ilie "tik". Hailii? Umeme haufiki au imekufa. Inalia na bado tatizo lipo? Sailensi iko juu mno au injini inachemka.

Niko Arusha, plagi zinakuwa nyeusi ingawa nimeseti kama ulivyosema.
Huko juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi. Kama jeti kuu ni 127.5, jaribu 125 uangalie plagi baada ya siku chache.

Petroli inanukia ndani baada ya kurudisha kabureta, ni kawaida?
Hapana, usiliwashe! Shika ule mrija wa shaba unaoingiza petroli kwenye mfuniko. Ukizunguka au ukitoka kwa mkono, ndio unaounguza magari haya. Mpe fundi wa leti aubane upya kabla gari halijatoka getini.